Kila Bobini, Ukuni Mmoja

“Kaka, unapoteza kuni.”

Hayo ndiyo maneno ya kwanza Mwanahalima kumwambia Jabiri, bila salamu wala kujuana, na kuni zenyewe zilikuwa ndani ya simu. Umeme ulikuwa umekatika Same mjini tangu alfajiri. Nusu ya mji ilikuwa imehamia kwenye kibanda cha kuchajia simu kwa sola, jirani na stendi, na upepo wa Same, ambao haujawahi kumbishia mtu hodi, ulikuwa unapeperusha vumbi, mifuko na mitandio. Mabasi yalipiga honi, wauza karanga wakakimbilia madirishani, wapiga debe wakamgombania abiria mmoja mwenye mabegi mawili. Mezani simu zilipangwa kama dagaa. Ya Mwanahalima ilikuwa ya saba kutoka kushoto. Ya nane ilikuwa wazi, na kwenye kioo chake kijitu chenye kofia ya majani kilikaa kando ya ziwa, kikitupia motoni kuni tatu kwa mpigo.

Mwenye simu aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, mweusi tii, shati la drafti limepigwa pasi mpaka mikono, na miguuni buti za mvua zenye matope mekundu. Matope! Same haikuwa imeona tone la mvua miezi miwili. Mwanahalima akajua huyu kashuka milimani asubuhi hiyohiyo.

“Unasemaje, dada?”

“Kuni. Unatupia tatu pamoja, moto unalipuka, unazimika, gemu linakuhesabia mara moja tu. Weka mmoja, subiri, weka mwingine. Uzoefu wa kambi utaupata haraka.”

“Nisubiri muda gani?”

“Bobini moja.”

“Bobini ya nini?”

“Ya cherehani, kaka. Kwani kuna nyingine?” Akamwonyesha futi iliyoning’inia shingoni, juu ya dera lake la kijani. “Mimi fundi, hapo sokoni. Simu naiweka kando ya cherehani. Uzi wa bobini ukiisha lazima nisimame kubadili, basi hapohapo naweka ukuni mmoja. Ni dakika kumi na nne hivi.”

Mwanamume mwingine angecheka. Jabiri alichomoa kalamu mfukoni, akaandika kumi na nne kiganjani, halafu akamuuliza Mwanahalima swali ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza, na waliomuuliza maswali walikuwa wengi.

“Umelinganisha mara ngapi?”

“Kulinganisha na nini?”

“Na hizo tatu kwa mpigo. Siku moja hivi, siku nyingine vile, mengine yote yabaki yaleyale.”

“We! Hili ni gemu, siyo mtihani wa taifa.”

“Usipolinganisha hujui, dada. Unadhani tu.”

Akili ikamwambia Mwanahalima kwamba mtu huyu ana maringo. Moyo wake, ambao siku zote ulikuwa na haraka kuliko akili, ukamwambia asimwache aondoke. Kabla hajaamua amsikilize yupi, Jabiri alikwishamwomba namba, eti ampe majibu ya kulinganisha. Akampa. Majibu yalikuja baada ya siku nne, kwa simu, na yalichukua dakika arobaini. Bobini ilikuwa imeshinda.

Gemu lenyewe linaitwa Nyikani, na humo hakuna kuuana. Unasafiri porini, unapiga kambi: hema, moto, chungu, usingizi. Kila unachofanya kambini kinakuongezea uzoefu, uzoefu ukijaa unapanda levo, na ukifika levo ya hamsini unaruhusiwa kufungua kambi moja na mtu mmoja umtakaye. Hema moja, moto mmoja, majina mawili mlangoni. Siku ile ya stendi Mwanahalima alikuwa levo ya ishirini na sita, Jabiri ya ishirini na mbili.

Jabiri alikuwa bwana shamba huko Mamba, milimani, kwenye tangawizi. Alisimamia vitalu vya majaribio. Tuta hili linatiwa samadi, tuta lile halitiwi, mengine yote ni sawa kwa sawa, na mwenye shamba haambiwi lipi ni lipi mpaka siku ya kuvuna, maana akijua atalipendelea maji lile analolipenda. Basi haukupita mwezi Nyikani nako kukawa kitalu. Kila mmoja alinunua kaunta buku yake. Waliandika orodha ya majaribio tisa: kupika kabla ya kulala au baada, hema kilimani au bondeni, kuhama kila siku au kukaa palepale, na kadhalika. Kila Ijumaa ya pili Jabiri alishuka Same, wakakaa kwenye benchi mbele ya cherehani ya Mwanahalima, wakafungua vitabu. Siku zilizobaki waliishi kwa simu.

“Fundi wangu, umelala hema gani leo?”

“La bondeni. Umekula?”

“Makande.”

“Tena?”

“Huku kwetu makande hayana tena, ni siku zote.”

“Sasa mimi nikija huko nitanenepa au nitakonda?”

“Tutalinganisha.”

“Mwone kwanza! Nani kakwambia nakuja?”

Kurwa, fundi wa cherehani ya jirani, alikuwa akisikiliza huku akijifanya anatunga uzi kwenye sindano. Sindano moja aliitunga robo saa.

Jaribio la nne ndilo lililozaa sheria. Jabiri alikuwa na imani kubwa na hema la kilimani, na kweli kwenye kitabu cha Mwanahalima kilima kilishinda kwa mbali. Jabiri aliziangalia zile hesabu, akakuna kidevu.

“Mwanahalima, siku ya kilima umeweka kuni ngapi?”

“Za kawaida.”

“Hapa naona ishirini na tisa. Siku ya bonde kumi na nane. Umekipendelea kilima.”

“Sijakipendelea kilima,” Mwanahalima alisema, macho kwenye pindo la sare ya shule aliyokuwa akiishona. “Nimekupendelea wewe. Ulikuwa unataka sana kishinde.”

Jabiri alifunga kitabu. Kurwa naye hakujiweza, akapiga kigelegele kifupi, wateja watatu wakageuka. Mwanahalima aliona haya mpaka masikio yakamwasha, na ili azime ile aibu akaweka sheria. Aliyeiweka ni yeye, siyo Jabiri. Hilo mliweke akilini.

“Kuanzia leo anayebadili kitu asimwambie mwenzake mpaka Ijumaa ya vitabu. Hata nikikuuliza kwa machozi, usiniambie.”

“Hata kwa machozi?”

“Hata kwa machozi.”

“Haya. Neno lako.”

Miezi ikaenda. Walipendana kama watu wanaosaidiana kazi, bila makelele, na kila siku kitu kidogo kikiongezeka. Jioni moja Jabiri alimwambia kwenye simu: “Siku tukifungua kambi yetu, nakuja kwenu na wazee.”

“Kumbe ndoa yangu iko kwenye gemu?”

“Hapana, kipenzi. Ila mimi jambo silifanyi nusu.”

Tuseme ukweli, alikuwa mwoga. Huyu hakuwahi kupanda hata tangawizi kabla ya kupima udongo. Angewezaje kupanda kizingiti cha watu bila kupewa ishara? Mwanahalima aliliona hilo na akamvumilia, maana levo zilikuwa zinapanda. Arobaini. Arobaini na tatu. Arobaini na saba. Lakini kadiri walivyopanda ndivyo gemu lilivyozidi kuwa zito, na levo moja sasa ilikula wiki tatu.

Jumatatu moja mama yake Mwanahalima, Bi Maua, alimwita uani. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, na hakuinua macho alipoanza kusema.

“Wazee wa Abdulmajid wa Lembeni wanataka kuleta barua Ijumaa, baada ya sala. Yule mwenye duka la mabati. Kijana mstaarabu, hana makuu. Baba yako mdogo hana kinyongo, anangoja neno lako tu.” Hapo akainua macho. “Una mtu, mwanangu? Kama unaye, sema leo. Kama huna, tusiwafungie watu mlango.”

Tangu baba yake Mwanahalima afariki, mambo yote ya nyumba ile yaliamuliwa na baba yake mdogo, Mzee Hamisi, na Mzee Hamisi hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili.

“Nipe mpaka jioni, mama.”

Alikimbilia nyuma ya nyumba na simu yake. Alitaka neno moja tu la Jabiri: nakuja. Akilipata hilo atasema ninaye, na hao wa Lembeni wataambiwa mapema, kwa heshima. Kabla ya kupiga akafungua Nyikani kwanza, kwa mazoea tu, aone kama mwenzake yumo. Kioo kikamwandikia mstari mmoja.

Jabiri wa Mamba amekuondoa kwenye marafiki.

Aliusoma mara tatu. Akaenda, humohumo kwenye gemu, mpaka ziwani walikozoea kukaa. Hema lake lilikuwepo. Pale hema la Jabiri lilipokuwa miezi saba palibaki jivu. Mwanahalima akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapiga simu.

“Fundi wangu!” Jabiri alipokea kwa furaha. “Mbona sauti yako hivyo?”

“Sijasema kitu bado. Jabiri, kuna kitu kimebadilika?”

Upepo wa milimani ulisikika kwenye simu, na mbuzi mahali fulani.

“Kipo,” alisema. “Ila nitakwambia Ijumaa.”

“Niambie leo.”

“Ijumaa, mpenzi. Uso kwa uso.”

“Jabiri, tafadhali.”

“Unalia?”

“Nina mafua.”

“Basi pole, kunywa tangawizi. Ijumaa siyo mbali.”

Mwanahalima akakata. Ungesema angeikumbuka sheria yake. Hakuikumbuka hata chembe. Majaribio tisa waliyaandika pamoja, na kufutana urafiki hakukuwemo. Tena mtu aliyechomwa kisu hamuulizi mwenye kisu kama alikuwa anapima makali. Alijifuta machozi kwa pindo la dera, akarudi uani, akasimama mbele ya ungo.

“Mama, waje.”

“Umefikiri vizuri?”

“Waje.”

Jumanne alifungua cherehani kama kawaida. Simu za Jabiri hakupokea. Bi Maua alimletea lesi ya rangi ya waridi ajishonee gauni la Ijumaa, na Mwanahalima akaikata mwenyewe kwa mkasi wake, bila kukosea hata sentimita. Kurwa alikuwa na la kusema, kama kawaida yake.

“Wanaume wa milimani ndivyo walivyo. Wakishuka wanapenda joto, wakipanda wanasahau.”

“Kurwa, shona.”

“Nashona. Lakini na wewe, gemu bado unacheza? La nini tena?”

“Hema ni langu. Yeye kahama, mimi sijahama.”

Na kweli hakuacha. Kila bobini ilipoisha alichungulia moto wake, na jioni aliandika hesabu kwenye kaunta buku, maana fundi haachi mshono katikati hata kama mwenye nguo kakuudhi. Kitu kipya kilikuwa kimoja tu. Kando ya moto wake alikuwa amekuja mgeni. Nyikani, mtu asiye rafiki yako huonekana kivuli cha kijivu, hana jina wala sura. Kivuli hiki kilifika Jumatatu jioni na hakikuondoka.

“Lifukuze hilo,” Kurwa alisema akichungulia.

“Liache. Linasaidia kuni. Afadhali kuna mtu.”

Alhamisi alasiri gauni lilikwisha. Mwanahalima alilitundika ukutani, akaliangalia, na akili ikamwambia maneno ambayo moyo ulikuwa unayakwepa tangu Jumatatu: kesho wakati kama huu nitakuwa mchumba wa mtu nisiyejua hata anacheka vipi. Akavuta kaunta buku aandike hesabu za siku, ili mikono ipate kazi.

Ndipo macho yake yalipogoma. Jumanne, uzoefu mara mbili ya kawaida. Jumatano, mara mbili. Leo, mara mbili. Katika miezi yote ya kupima, hakuna jaribio la haki lililowahi kuzidi kawaida hata kwa robo. Akafungua kumbukumbu za moto kwenye simu, aone nini kimefanyika.

Mgeni ameweka ukuni, saa nane na dakika mbili. Mgeni ameweka ukuni, nane na kumi na sita. Nane na nusu. Nane na arobaini na nne.

Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Akarudi Jumatano. Akarudi Jumanne. Kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne, siku tatu mfululizo, kutoka asubuhi mpaka machweo.

“Bobini,” alisema kwa sauti.

“Imeisha?” Kurwa akauliza.

“Kurwa, bobini!”

Katika gemu lile zima, lenye watu sijui wangapi, aliyejua kipimo hicho alikuwa mmoja tu, na alikiandika kiganjani pale stendi. Hapo ndipo sheria ilipomrudia, neno kwa neno, kwa sauti yake mwenyewe: hata nikikuuliza kwa machozi. Mwanahalima alishika kichwa. Alitaka kucheka, alitaka kupiga mtu. Akapiga simu.

“Wewe mwanamume!”

“Alhamdulillahi, umepokea. Nimekupigia mara—”

“Sijapokea, nimepiga! Mgeni anayeweka ukuni kila dakika kumi na nne ni nani?”

“Umejuaje? Mgeni hana jina.”

“Hana jina, ana bobini!”

“Aa, Fundi, umeharibu jaribio. Imebaki siku moja tu.”

“Jaribio! Umenifuta kwenye marafiki, Jabiri! Nimelia siku nne!”

“Ulisema mafua.”

“Na wewe ukaamini?”

Sauti ya Jabiri ilishuka. “Wewe ndiye uliyesema nisikwambie. Nikajua unanipima kama nitashika neno. Sikiliza, mpenzi. Wazee wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikawaza, huenda na hili gemu linajua hivyo. Huenda moto wa mwenyeji na mgeni una uzoefu mwingi kuliko moto wa marafiki. Sasa ili nipime, lazima niwe mgeni kwako. Kitu kimoja kibadilike, mengine yote yabaki. Nimekaa nawe tangu Jumatatu. Kazini simu naiweka juu ya tuta, naweka ukuni, nachimba, naweka ukuni.”

“Na kwa nini hasa?”

“Kwa sababu umechoka kusubiri. Husemi, ila najua. Kwa njia hii tungefika hamsini kwa nusu ya muda.”

Mwanahalima alikaa kwenye benchi. Hasira yote ilimwisha, ikabaki hofu peke yake, na hofu hiyo alikuwa ameikaribisha mwenyewe.

“Jabiri, kesho baada ya sala kuna watu wa Lembeni wanaleta barua nyumbani. Nimekubali. Nilikubali Jumatatu, nilipokata simu yako.”

Safari hii hata mbuzi hakusikika.

“Jabiri?”

“Nipo.”

“Sema kitu.”

“Tuko levo ya arobaini na saba.”

“Jabiri wa Mamba! Levo utazikwa nayo?”

“Hujanielewa. Nasema haijafika, na mimi siingoji tena.” Alikuwa anahema kama mtu ambaye tayari ameanza kutembea. “Basi la kwanza linashuka alfajiri. Naja na mjomba Yunus. Mwambie mama asifunge mlango.”

Nyumbani haikuwa rahisi. Bi Maua alipiga mikono miwili juu ya mapaja. “Neno limeshafika Lembeni, Mwanahalima!”

“Nilisema kwa hasira, mama.”

“Na uliponiambia waje, nilikuuliza au sikukuuliza? Umemwona wapi huyo?”

“Stendi. Halafu kwenye simu.”

“Kwenye simu! Makubwa haya.”

Mzee Hamisi aliitwa. Mwanahalima alipiga goti, akamwamkia, na akaeleza yote, hata gemu, hata kuni. Mzee alisikiliza huku akizungusha kofia yake mikononi.

“Posa ni barua mkononi,” alisema mwishowe. “Kesho kabla ya sala nikiwa na barua ya huyo kijana, nitapiga Lembeni, nitaomba radhi kiungwana, wao bado hawajatoka. Wakishatoka siwarudishi watu njiani. Hapo utamkubali Abdulmajid, na sitaki kusikia neno jingine. Tumeelewana?”

“Tumeelewana, baba.”

Ijumaa saa tatu asubuhi Mwanahalima alikuwa amekaa ukumbini na lile gauni la lesi, akiwa hajui amelivaa kwa ajili ya nani. Basi la milimani huingia saa mbili na nusu. Saa nne ikafika. Simu ya Jabiri haikupatikana. Saa tano. Huko juu milima ilikuwa imejifunika wingu zito, na kila aliyezaliwa Same anajua wingu lile linaifanya nini barabara. Jikoni wali ulikuwa unanukia iliki. Bi Maua alipita na kurudi. Saa sita kasoro robo Mzee Hamisi alisimama, akavaa kofia yake, akashika fimbo.

“Hodi!”

Walikuwa wawili mlangoni, matope mpaka magotini. Mjomba Yunus alikuwa ameshika viatu mkononi. Jabiri alikuwa na kanzu nyeupe juu na nyekundu chini, na harufu ya tangawizi mbichi iliingia ndani kabla yao.

“Asalaam aleikum. Basi lilikwama tope, tukatembea mpaka barabara kuu ya chini, tukapata lori la tangawizi,” alisema Mzee Yunus bila kupumzika. “Tusameheni tulivyo. Tumeleta barua.”

“Waaleikum salaam. Karibuni, kaeni.”

Mzee Hamisi alifungua bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi ya mistari iliyochanwa kwenye daftari.

“Barua ya posa kwenye kaunta buku?”

“Maduka ya kwetu yalikuwa yamefungwa jana jioni, tukaandika kwenye iliyokuwepo,” Mzee Yunus akajibu. “Upungufu ni wa karatasi, mzee mwenzangu. Nia haina upungufu.”

Mzee Hamisi aliisoma barua kimya, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaigeuza. Jabiri alinyanyuka nusu, kama anayetaka kuizuia, akakaa tena.

“Na huku nyuma? ‘Jaribio la kumi.’” Mzee alisogeza karatasi mbali na macho. “‘Jumanne, mara mbili. Jumatano, mara mbili. Alhamisi, mara mbili, Mwanahalima amegundua. Jibu: kuwa mgeni kwa Mwanahalima ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Isitumike tena.’”

Bi Maua alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Jabiri aliangalia sakafu alikodondosha tope. Mwanahalima alimwangalia yeye, na hakujali tena nani anamwona akilia.

“Mwanangu,” Mzee Hamisi aliuliza, “unasemaje?”

Binti akiulizwa hivyo hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo jibu. Mwanahalima hakuthubutu kunyamaza. Kunyamaza kulikuwa kumeshamponza wiki nzima.

“Nimemkubali, baba. Na safari hii siyo kwa hasira.”

Mzee alitoka uani na simu. Walimsikia akisema tusameheane, akisema jambo la Mungu, akisema Abdulmajid ni mtoto wetu pia. Aliporudi alisema watu wa Lembeni ni waungwana: wamejibu kwamba bora hivi leo kuliko kesho kutwa. Akawachukua Jabiri na mjomba wake kwenda kunawa matope, wakaenda kusali. Na Bi Maua akafunua sufuria.

“Wali umeshapikwa,” alisema. “Utaliwa na waliokuja.”

Alasiri, mjomba akiwa bado anapiga soga na Mzee Hamisi, Mwanahalima alirudi kwenye cherehani yake. Sare kumi na mbili za shule zilikuwa zinamsubiri, na uchumba haushoni sare. Jabiri alikaa kwenye benchi lao, kanzu imekaukia mwilini, simu mkononi. Simu ya Mwanahalima ikalia.

Jabiri wa Mamba anaomba urafiki.

Mwanahalima aliusoma ule mstari, akaiweka simu kando ya cherehani, akakanyaga pedeli. Sindano ikaanza kukimbia.

“Mbona hukubali?” Jabiri akauliza.

“Bobini haijaisha.”

“Umeweka mpya sasa hivi. Nimekuona.”

“Ndiyo. Subiri.”

Kurwa aliinamisha uso kwenye kitambaa, mabega yakimtikisika. Jabiri alichomoa kalamu mfukoni, akaitazama saa, kisha akaona haya, akairudisha kalamu mfukoni. Akakaa akimwangalia fundi wake anashona pindo baada ya pindo, na hakuuliza tena. Uzi wa bobini ulipoisha, Mwanahalima aliinua mguu kwenye pedeli, akachukua simu, akabonyeza ndiyo, halafu akaweka bobini mpya.